Mtani Aliyetoa Shikamoo

Somo la saikolojia lilifundishwa saa nane mchana, na kwa hilo peke yake niliona aliyepanga ratiba hakuwa na huruma na binadamu. Bati la darasa limeshika moto, upepo wa Dodoma unaingiza vumbi kwenye madirisha yasiyo na vioo, na sisi tumeshiba ugali na maharage. Mkufunzi wetu, mwanamume mwembamba aliyevaa tai hata siku za jua kali, alisimama mbele na kitabu chake akasoma taratibu ili tuandike kila neno. Kitabu kilikuwa hicho kimoja chuo chetu kizima cha ualimu. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, na mjini ungeweza kununua redio kaseti, viatu vya mtumba vya kila rangi, na sabuni za kunukia ambazo utotoni tulizisikia tu kwenye hadithi za watu waliofika Dar es Salaam, lakini kitabu cha saikolojia hukipati hata kwa dawa. Kwa hiyo tuliandika mpaka vidole vikaota sugu.

Wiki ya kwanza alichora mti ubaoni. Alisema shina ni saikolojia yenyewe, elimu ya nafsi na tabia, kisha akaanza kuweka matawi. Tawi la makuzi lilieleza mtoto anavyokua, na sisi wasichana tuliobeba wadogo zetu mgongoni tangu darasa la pili tuliandika kwa utii kwamba mtoto hutambaa kabla ya kutembea. Tawi la elimu lilihusu namna akili inavyoshika na kusahau. Tawi la jamii lilieleza kwa nini watu wakiwa kundi hufanya jambo ambalo mmoja mmoja wangeliona aibu, na hilo tulilielewa upesi kwa sababu tulikuwa tumeliona bwaloni siku maharage yalipopungua. Kulikuwa na tawi la upimaji, ambalo kazi yake ilikuwa kumwonyesha mtoto picha ya birika lisilo na mdomo na kumuuliza kimepungua nini. Tawi la tiba aliligusa tu akapita, na darasa zima likageuza shingo kuelekea upande wa mji iliko hospitali ya wagonjwa wa akili. Wenzetu wa mikoa mingine walisema walipowaambia ndugu zao kwamba wamepangiwa Dodoma, na kwamba watasoma saikolojia, waliulizwa kama wanakwenda kusoma au kulazwa.

Mwisho kabisa, juu kileleni, akachora tawi la ushauri nasaha. Hilo lilikuwa jipya. Kwa ajili ya ugonjwa ule uliokuwa unamaliza watu miaka hiyo, kila mahali kulikuwa na semina za ushauri nasaha, na aliyehudhuria alirudi na mkoba wa plastiki na namna mpya ya kuongea, sauti chini, kichwa upande. Mkufunzi alisema hilo tungelisoma mwaka wa pili. Laiti mti wake angeukomesha kwenye upimaji.

Huyo ninayetaka kumsimulia nilikutana naye kabla ya darasa hilo, kwenye foleni ya kuandikishwa. Nilikuwa nimemsalimia karani, na lafudhi yangu ya Kigogo haifichiki hata nikizungumza nikiwa nimefunga mdomo. Nyuma yangu sauti ya kiume ikasema chuo kimeharibika, siku hizi wanaandikisha hata ombaomba. Nikageuka nikamtazama. Alikuwa mfupi, amevaa sweta katikati ya jua, na sweta hilo likaniambia kila kitu: Mhehe wa nyanda za baridi, hao tunaowatania kwamba wanakula mbwa. Nikamuuliza kama yule mbwa wake amemtafuna njiani au amemwacha nyumbani anenepe kwanza. Watu wa foleni waligeuka wakidhani ugomvi umeanza. Yeye akacheka mpaka akashika goti, na tangu siku hiyo nikawa na mtani.

Kwa msomaji asiyejua mambo yetu, niseme kidogo. Wagogo na Wahehe walipigana sana zamani, wakaibiana ng'ombe na watu, kisha walipochoka wakawa watani. Mtani anakutukana na hukasiriki. Anachukua nyama kwenye sahani yako, anakuita mke wake mbele ya mume wako, na hakuna kesi. Lakini utani una siku yake kubwa, nayo ni siku ya msiba. Mtani akifika msibani hapigi magoti kutoa pole. Analia kilio cha uongo kuliko wafiwa wote, anavaa nguo za marehemu na kumwigiza anavyotembea, anashuka kaburini na kulala humo akisema hatoki, mpaka apewe kuku au mbuzi. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Nimeona wanaume wazima ambao kilio chao kilikuwa kimekwama kooni tangu asubuhi, kikatoka mtani alipoanza vituko vyake. Kwetu hiyo haikuwa michezo, ilikuwa kazi ya mtu kama ilivyo kazi ya mchimba kaburi.

Mwaka wa kwanza mtani wangu alikuwa mtani hasa. Alisema mlenda wetu ni makamasi yaliyotiwa chumvi. Nilimwambia ulanzi wao, ile pombe ya mianzi, umewafanya wazaliwe wamelewa. Mwenzangu wa bwenini, binti wa Kichaga aliyelelewa kwa adabu nyingi, aliniuliza kwa siri kama huyo kijana ananitesa na kama ningependa aende kwa mlezi wa wasichana. Nilicheka hadi kitanda kikalia.

Nilimpeleka nyumbani mara moja, kijijini kwetu upande wa Chamwino, likizo fupi ya Pasaka. Mama alikuwa uani anapepeta uwele. Mtani wangu hakumpa shikamoo, na kwa mtani ilikuwa sawa kabisa. Alisimama mlangoni mwa tembe letu la udongo, mikono kiunoni, akasema, "Mke wangu, mume amefika na hakuna hata maji ya kuoga?" Mama hakuinua hata kichwa. Alimwambia maji yako kisimani na kamba anayo mwenyewe, ile anayofungia chakula chake kisikimbie. Baba yetu alikuwa amefariki zamani, na tangu hapo sikuwa nimemsikia mama akijibu mtu kwa sauti ile. Siku mbili hizo nyumba yetu ilikuwa na kelele. Aliiba karanga chunguni, mama akamfukuza na mwiko akizunguka zizi, mwanamke wa umri ule, kanga imemdondoka begani.

Jioni ya kuondoka aliagana naye kwa maneno ambayo baadaye niliyarudia kichwani kuliko somo lolote. Mama alisema siku hizi hata watani wamekwisha, yule mzee Mhehe aliyekuwa akichimba visima kijijini amerudi kwao, na yeye akifa atazikwa kimyakimya kama jiwe. Mtani wangu akamwambia asihofu.

"Nitakuja kukuzika mwenyewe, mke wangu. Nitalala humo kaburini na sitoki mpaka nipewe beberu."

"Beberu gani," mama akasema. "Utapewa mbwa."

Walicheka wote wawili, mama akifuta macho kwa ncha ya kanga. Mama mdogo, mdogo wake mama aliyekuwa anakaa naye, alikuwepo na alisikia. Kwa hiyo sikuota, na sikuongeza chumvi baadaye kwa sababu ya hasira.

Mwaka wa pili tukaingia tawi la ushauri nasaha, na mkufunzi akalifundisha kwa moyo wake wote. Kaa ana kwa ana na mteja. Mwelekee kidogo. Usimkatize. Usitoe hukumu, usitoe amri, na kwa hali yoyote usifanye mzaha na mtu aliye katika majonzi, kwa maana mzaha ni njia ya mshauri kukimbia maumivu ya mwenzake. Mrudishie hisia yake kwa maneno yako, ajue umemwelewa. Tulifanya mazoezi wawili wawili, mmoja mshauri, mmoja mteja, na mimi nilikuwa mteja mbovu kwa sababu nilicheka. Mtani wangu hakucheka. Lile tawi lilimwingia mwilini. Alikuwa na sababu, niseme ukweli. Kaka yake alikuwa amefariki kwa ugonjwa ule na nyumbani kwao hakuna aliyethubutu hata kulitaja jina lake, na sasa amepata somo linalosema watu waketi na wazungumze. Alipelekwa semina mjini akarudi na mkoba wa plastiki. Sauti ikashuka. Kichwa kikaenda upande. Nikimtukana bwaloni alitabasamu kama mtu anayeona mbali, na mara moja aliniuliza kama nimewahi kufikiri ni nini ninakificha nyuma ya matusi. Nilimwambia ninaficha kichwa cha mbwa wake. Akaandika kitu daftarini mwake. Nilidhani itampita, maana wanachuo hupitiwa na mengi, wengine dini, wengine siasa za vyama vipya.

Mama alifariki wakati wa palizi. Alishikwa na homa akiwa shambani, na kabla hawajapata gari la kumleta mjini akawa amekata roho. Habari ilinikuta darasani, na tena ilikuwa saa nane mchana. Nilikusanya madaftari, nikayapanga kwa ukubwa, nikafunga mfuko. Mwenzangu wa bwenini alilia. Mimi sikulia, na sikushangaa, kwa sababu nilijua kilio changu kiko wapi: kitakuja na mtani. Nilipopanda gari la kwenda nyumbani nilikuwa nimeshikilia wazo hilo moja. Chuo kitaleta wawakilishi siku ya mazishi, naye atakuwemo, atashuka kwenye gari akipiga mayowe kwamba mkewe amekufa bila kumwachia chakula, na hapo mimi nitapasuka.

Asubuhi ya mazishi mama mdogo aliniuliza mara kadhaa mtani wetu atafika saa ngapi. Alikuwa ameandaa. Gauni la mama la kitenge, lile la bluu, alilitundika nje mahali ambapo mtu akitaka kulivaa atalifikia kwa urahisi. Beberu alikuwa amefungwa nyuma ya zizi, ingawa mama alisema atapewa mbwa. Waliochimba kaburi waliacha ngazi za udongo upande mmoja ili mtu aweze kushuka.

Gari la chuo lilifika. Wakashuka mkufunzi wetu, mwakilishi wa wanachuo, mwenzangu wa bwenini, na yeye. Alikuwa amevaa shati jeupe na suruali nyeusi iliyopigwa pasi. Alikwenda moja kwa moja kwa mama mdogo na shangazi zangu waliokuwa wameketi kwenye mkeka, akainama, akamshika mkono kila mmoja.

"Shikamoo, mama," akasema. "Shikamoo. Shikamoo, mama."

Sitasahau uso wa mama mdogo. Alimtazama kama mtu aliyefunguliwa mlango na mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Aliitikia marahaba, kwa kuwa shikamoo huitikiwa, kisha akatazama lile gauni lililotundikwa. Shangazi mmoja alijaribu kumsaidia, akamrushia neno, akamuuliza kama leo Mhehe amekuja bila kitoweo chake. Yeye akatikisa kichwa kwa upole akasema anaelewa kwamba wana uchungu.

Halafu akaja kwangu. Akaketi ana kwa ana, akanielekea kidogo. Aliniambia, "Pole sana. Niko hapa kukusikiliza." Nilimtazama machoni nikasubiri. Nilidhani anavuta pumzi, kwamba anapanda mlima ili ashuke vizuri. Nilisubiri wakati wa ibada, nikasubiri mchungaji alipomaliza, nikasubiri jeneza lilipofikishwa ukingoni na watu wakarudi nyuma kidogo, wote, bila kuambizana, kumwachia mtu nafasi. Nafasi ile ilikaa wazi. Wanaume walitazamana. Kisha wakashusha jeneza, na ngazi za udongo zikafukiwa pamoja na vingine vyote. Mama alizikwa kimyakimya, vile vile alivyosema.

Sikulia. Jioni ile sikulia, na siku zilizofuata sikulia, na kijiji kikaona. Kwetu macho makavu kwenye kaburi la mama si jambo la kupita hivihivi. Mama mdogo alinitetea kadiri alivyoweza, akisema ni masomo mengi, lakini kabla sijaondoka alinishika mkono uani akaniomba, kwa sauti ya chini, nijitahidi kulia, hata kidogo, watu wameanza kusema. Nilikasirika. Nilimjibu kwamba mimi si bomba la kufungulia. Yeye naye alikuwa amefiwa na dada, na hakuwa na nguvu ya kujibizana na mimi, akaniachia mkono akaingia ndani.

Nilirudi chuoni nikiwa mzigo. Chakula nilikimeza kwa sababu kengele imelia. Nikisoma, mstari unaingia na kutoka. Tulikuwa tunakaribia mtihani wa mwisho, na mkufunzi wetu aliniita akaniambia kwa wema kwamba kama hali itaendelea hivi, chuo kitaona ni heri nikapumzike nyumbani nirudi na mwaka unaofuata. Nyumbani wapi, nilijiuliza. Maisha ya mama mdogo na wadogo zangu kwenye lile tembe yalitegemea mimi niwe mwalimu, na mimi nilikuwa nimekuwa gogo. Niliogopa. Sijui neno jingine la kusema. Niliogopa kwamba kitu fulani ndani yangu kimekauka na hakitarudi, na kwamba nitazeeka hivyo.

Na kila siku mtani wangu alikuja. Alikuja baada ya masomo, akanikaribisha kwenye benchi nyuma ya maktaba ambayo, kwa kweli, haikuwa na vitabu. Aliniambia majonzi yana hatua zake na mimi bado niko kwenye kukataa. Nilikuwa najua hatua hizo kama yeye, tuliziandika siku moja, kwa kalamu za aina moja. Nilimjibu ndiyo, nilimjibu hapana. Alikuwa anahangaika, namwonea huruma sasa ninapokumbuka, uso umemkonda, na alikuwa ananiombea hata ruhusa ya kukosa usafi wa asubuhi. Wakati ule sikumwonea huruma. Nilitamani kumpiga na kitu kizito.

Mwisho wa muhula kila kundi lilisimama mbele kueleza tawi lake. Sisi wa makuzi tulieleza, tukakaa. Kundi la ushauri nasaha likamtoa yeye. Aliongea vizuri, lazima nikiri, bila karatasi. Akafika mahali akasema angependa kutoa mfano hai. Yupo mwanachuo mmoja wa kike, alisema, aliyefiwa na mzazi, ambaye hajaweza kulia. Huyu mteja hutumia ukali na mzaha kama ngao. Mshauri anapaswa kuwa na subira naye. Hakunitaja jina. Darasa lote likatazama madaftari yake kwa bidii, na hakuna kitu kinachomwonyesha mtu kidole kama vichwa vya darasa zima vikiinama kwa pamoja.

Nikasimama. Nilisikia kiti changu kikianguka nyuma. Nilimwita mla mbwa, nilimwita mtoto wa ulanzi, nilimwambia babu zake walikuja Ugogo kuiba ng'ombe wakaishia kuiba kunguni, nilimwambia yote ya mwaka wa kwanza na mengine niliyokuwa nimeyaweka akiba. Moyoni nilikuwa namwomba. Nijibu. Nirushie hata moja, iwe mbovu namna gani.

Yeye akaweka kichwa upande.

"Nakuelewa," akasema. "Endelea, dada. Usiogope."

Alikuwa hajawahi kuniita dada. Mkufunzi alisema huo ni mfano mzuri wa kumpokea mteja mwenye hasira, na akaliomba darasa lione jinsi mshauri hakujibu. Niliinua kiti changu, nikakirudisha mahali pake, nikatoka.

Mtani wangu alinifuata hadi kwenye bomba la maji. Sauti yake ya semina ilikuwa bado haijamtoka; alianza kusema anaona nimeumia na kwamba kuumia ni hatua. Nilimwacha amalize. Mimi huwa napiga kelele nikiwa na hasira ndogo, lakini siku hiyo sikupiga.

"Mama alikungoja," nikamwambia. "Walikuachia nafasi. Walikuchongea na ngazi. Wewe ukampa mama mdogo shikamoo."

Nilimwona akianza kukumbuka, kwanza gauni, nadhani, maana macho yalikwenda juu kama mtu anayetazama kitu kilichotundikwa. Alikaa chini pale pale kwenye sementi yenye maji. Sikukaa naye. Niliteka maji yangu nikaenda bwenini, na baada ya hapo hatukuongea tena. Nikimwona njia hii nilipita ile, naye hakunifuata, na benchi la nyuma ya maktaba likabaki tupu.

Arobaini ya mama ilifanyika Jumamosi. Nilikwenda peke yangu. Watu walikuwa wachache kuliko siku ya mazishi, ndugu, majirani, mchungaji, wanawake wa kwaya. Tuliketi kwenye mikeka karibu na kaburi, ambalo lilikuwa bado tuta la udongo mwekundu lenye msalaba wa mbao. Mchungaji alikuwa anatafuta wimbo ndipo mbwa alipobweka.

Alikuwa anakuja kwa njia ya visimani. Amevaa lile sweta. Kwa mkono mmoja alikuwa anaburuta kamba, na mwisho wa kamba kulikuwa na mbwa koko mwenye sikio moja lililolala, ambaye hakutaka kabisa kuja. Alikuwa anapiga mayowe tangu mbali, mayowe mabaya yasiyo na mpangilio, ya mtu aliyepoteza mazoea. Alipofika hakumpa mtu shikamoo. Aliwapita shangazi, akampita mchungaji, akawauliza waliokaa mkewe yuko wapi, mbona amefika na hakuna hata maji ya kuoga. Watu hawakujua kama bado inaruhusiwa. Sauti yake ikapasuka, na nikajua anaogopa kuliko nilivyoogopa mimi.

Akajilaza juu ya tuta la mama, chali, na sweta lake, akakumbatia msalaba. Mbwa akakaa.

"Mke wangu," akasema, "ulisema nitapewa mbwa. Nimeona Wagogo ni ombaomba, hata mbwa hamna, nimekuja naye mwenyewe. Sasa fungua. Sogea huko nilale, nimechelewa, njia ilikuwa mbaya. Nimechelewa, mke wangu."

Mama mdogo ndiye aliyecheka kwanza. Ilikuwa sauti kama ya mtu aliyepaliwa, kisha ikawa kicheko, kisha haikuwa kicheko tena. Aliinuka akaingia ndani akatoka na gauni la bluu, akamtupia usoni, akamwambia avae basi, mwizi wa karanga, tumwone. Na akavaa. Alivaa gauni la mama juu ya sweta, akachukua mwiko, akamfukuza mbwa akizunguka zizi, kanga ya kuazima ikimdondoka begani, na mwendo ulikuwa wa mama, ule wa kuvuta mguu wa kushoto kidogo, ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimeshausahau.

Nilisikia mtu analia kwa sauti kubwa isiyo na aibu. Wanawake wa kwaya walikuwa wamenishika mabega kabla sijajua ni mimi. Nililia kwa ajili ya mama, na palizi, na homa ile, na nililia kwa hasira pia, kwa sababu kaburi lilikuwa limeshafukiwa na mama hakuwa ameona. Hilo sijalimaliza hadi leo. Mchungaji alikuwa amegeuka upande wa mashamba, anaangalia mtama.

Nilipofungua macho mtani wangu alikuwa amepiga magoti mbele yangu, gauni la mama limechafuka vumbi, kamasi zimemtoka, na kichwa chake kilikuwa kimeanza kwenda upande.

"Naku..." akaanza.

Nilimwambia akilimaliza neno hilo tutamzika hapo hapo, na mbwa wake.

Akafuta kamasi kwa mkono wa gauni. Kisha akageuka kwa shangazi zangu, akainua sauti, akauliza hivi huyu beberu analetwa lini.